Nyama ya nguruwe: Faida nyingi hupotea juu ya gogo

WAFANYABIASHARA wengi wa nyama ya nguruwe nchini hununua kwa kilo na kuuza kwa kilo, na kati ya mizani hizo mbili ndipo mtaji wao unapoyeyuka bila wao kujua. Nguruwe hufika buchani akiwa mzima au nusu mbili, hupasuliwa kwa panga na shoka juu ya gogo la mti, na mteja huwekewa kwenye mizani chochote kilichokuwa karibu na mkono wa muuzaji: kipande cha paja, ubavu, mafuta kidogo na mfupa. Bei ni moja kwa vyote.

Utaratibu huo una sababu zake. Soko kubwa la nyama hii katika miji ya Dar es Salaam, Mbeya, Moshi na Arusha ni baa na vibanda vya kitimoto, ambako nyama hukatwa vipande vidogo, hukaangwa kwa vitunguu na pilipili na kuliwa kwa ndizi, robo kilo, nusu kilo au kilo nzima. Mlaji wa kitimoto haulizi kipande kimetoka wapi. Anachotaka ni mfupa usizidi na pilipili isipungue. Mnunuzi wa hoteli, wa duka kubwa la vyakula au wa kiwanda cha soseji huuliza, tena huuliza kwa karatasi: chopsi za unene fulani, paja lisilo na mfupa, ubavu wa kutengeneza bekoni. Anayeweza kumjibu hupata bei nyingine kabisa kwa nguruwe yule yule.

Hata hivyo, kupata bei hiyo si suala la kununua msumeno tu. Ni kazi inayoanza mnyama akiwa hai.

Nguruwe anayetarajiwa kuchinjwa hunyimwa chakula kwa saa 12 hadi 24, lakini maji hapewi kwa kipimo. Tumbo tupu ni rahisi kulitoa bila kulipasua, na utumbo ukipasuka ndani ya nyama, sehemu yote iliyochafuka hukatwa na kutupwa. Aidha, mfugaji anayemlisha nguruwe asubuhi ya kuuza ili apime zaidi humwuzia mnunuzi pumba kwa bei ya nyama. Wanunuzi wazoefu hulijua hilo na hupendelea kulipia uzito wa nyama iliyokwisha kuning'inizwa badala ya uzito wa mnyama hai.

Purukushani nayo ina gharama. Nguruwe aliyefungwa miguu, akabebwa nyuma ya pikipiki juani na kuchinjwa mara tu anapofika, misuli yake hutengeneza asidi haraka wakati mwili ungali na joto. Matokeo yake ni nyama iliyopauka, laini, inayovuja maji kwenye sinia. Maji hayo yalikuwa kilo. Kumpumzisha kivulini saa chache hakugharimu chochote zaidi ya subira, ingawa subira ndiyo adimu kuliko vitu vyote alfajiri ya Jumamosi.

Kwenye machinjio yenye vifaa, mnyama huzimishwa fahamu kwanza kwa koleo za umeme au bunduki ya msumari, kisha huning'inizwa kichwa chini na kuchomwa kisu mwanzoni mwa kidari, ncha ikielekea kwenye moyo, ili mishipa mikubwa ikatike kwa mara moja. Kisu kikipotoka na kuingia begani, damu hujaa humo na kuganda, na bega hilo litapunguzwa nyama baadaye. Ni kosa la sekunde moja linaloonekana siku ya pili.

Linalofuata ni manyoya, na hapa desturi na utaalamu hutofautiana. Katika uchinjaji wa nyuma ya nyumba, maji yanayochemka humwagwa kwa kopo juu ya ngozi kisha kisu hukwangua. Maji yanayochemka ni moto mno: huipika ngozi na kuyakaza manyoya badala ya kuyalegeza. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 60 na 65 za Selsiasi, na mnyama hutumbukizwa kwa dakika 4 hadi 6. Pipa la chuma lililokatwa kwa urefu na kipimajoto cha bei nafuu vinatosha. Wapo wanaochuna ngozi kabisa kama ya mbuzi. Ni haraka zaidi, lakini ngozi huondoka na mafuta yaliyoishikilia, uzito hupungua, na ubavu usio na ngozi hauwezi tena kuuzwa kwa mnunuzi anayeutaka na ngozi yake.

Kwa uzito wake, nguruwe hutoa nyama nyingi kuliko ng'ombe. Ng'ombe wa kienyeji hubakiza karibu nusu ya uzito aliokuwa nao akiwa hai. Nguruwe aliyekomaa vizuri hubakiza asilimia 70 hadi 75. Tumbo lake ni moja na dogo, na kichwa, miguu na ngozi huhesabiwa pamoja na nyama. Mnyama wa kilo 90 basi huacha kwenye ndoano kilo 65 hivi.

Kabla ya kisu cha bucha kuingia, nyama hupita kwa mkaguzi, na hapa wafanyabiashara wengi hutafuta njia ya mkato. Wanachokihofia ni tegu. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu huota vifuko vidogo vyeupe ndani ya misuli, vinavyofanana na punje za mchele uliopikwa. Mkaguzi huvitafuta kwenye ulimi, mashavu, moyo, kiwambo cha kifua na misuli ya bega. Mlaji wa nyama hiyo isiyoiva huota tegu tumboni, na mayai ya tegu yanayotoka kwa mtu huyo yakimezwa na yeyote, hata asiyegusa kabisa nguruwe, yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Tafiti zilizofanywa Mbulu na Mbozi zimeonyesha kuwa tatizo hili si la kufikirika. Wanunuzi hupenda kuuvuta ulimi wa nguruwe hai na kuupapasa kabla ya kulipa. Njia hiyo hukamata mnyama aliyejaa vifuko, ila humkosa mwenye vichache, kwa hiyo haichukui nafasi ya mkaguzi. Mzoga uliojaa vifuko hutupwa wote, na hiyo ni hasara inayoweza kufunga bucha dogo kwa mwezi mzima. Anayenunua kwa mfugaji mwenye banda na choo huwa amekwisha kuipunguza hatari hiyo tangu mwanzo.

Nguruwe dume asiyehasiwa ni tatizo la aina nyingine. Akishapevuka, nyama yake huwa na harufu kali isiyojitokeza buchani ikiwa baridi bali jikoni ikiwa motoni. Mpishi wa hoteli akikutana nayo mara moja, hapigi simu tena.

Baada ya hapo ni baridi. Nyama ya nguruwe haihitaji kuiva kwa wiki nzima kwenye ndoano kama ya ng'ombe. Inachohitaji ni kushuka chini ya nyuzi 4 ndani ya saa 24. Nyama ya moto hutetemeka chini ya kisu, mafuta yake huteleza na chopsi hutoka upande mmoja nene na mwingine nyembamba. Ikipoa hukaza, na kisu hupita kikiacha uso ulionyooka. Gharama ya baridi, mbali na umeme, ni uzito: takriban asilimia 2 hupotea kama mvuke. Kilo 65 zilizoingia jioni zitatoka asubuhi zikiwa karibu 64. Anayelipia uzito wa moto na kuuza uzito wa baridi ameshalipia kilo moja ya maji.

VIFAA vinavyohitajika ni vichache kuliko inavyodhaniwa. Kisu chembamba cha kutolea mifupa, urefu wa sentimita 15 hivi. Kisu kirefu cha sentimita 25 cha kukatia nyama na steki. Msumeno wa mkono wa mifupa, wenye meno madogo na fremu isiyoshika kutu. Kinoo, chuma cha kunyooshea makali, ndoano, meza ya chuma kisichoshika kutu au ubao mgumu wa plastiki, na mizani iliyohakikiwa. Kisu kilichotumika kwenye matumbo hakirudi kwenye nyama mpaka kioshwe. Machinjio makubwa hukitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 82. Wengi hunoa kwa tupa la fundi chuma, nalo hula kisu kipya ndani ya miezi michache. Kinoo hufanya kazi hiyo polepole na kisu hudumu miaka.

Msumeno wa umeme wa mkanda ndio ndoto ya kila bucha. Unakata chopsi 20 wakati msumeno wa mkono unakata mbili, na kwa nyama iliyoganda hauna mshindani. Vile vile hauna huruma: haubagui mfupa wa nguruwe na kidole cha mtu, na glavu ya nyaya inayomkinga mkataji wa kisu haipaswi kuvaliwa kwenye mkanda, kwani meno yakiishika huuvuta mkono mzima. Unga wa mfupa unaobaki juu ya kila chopsi lazima ukwanguliwe, maana huiharibu nyama haraka na mpishi huuona. Tena, mashine hiyo hufunguliwa na kuoshwa kila siku. Bucha linalouza nguruwe wawili kwa wiki halina sababu ya kukopa fedha kwa ajili yake; msumeno wa mkono unatosha.

Kuhusu gogo na shoka, Bodi ya Nyama Tanzania, iliyoundwa chini ya Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, imekuwa ikihimiza mabucha yaachane navyo. Sababu inayotajwa zaidi ni usafi: nyufa za gogo hunywa damu na hakuna sabuni inayofika chini yake. Sababu ya kibiashara hutajwa mara chache. Shoka halikati mfupa, linaupasua. Vijipande vyake huruka sakafuni, vingine huingia ndani ya nyama na kumsubiri mlaji, na kila pigo huacha juu ya gogo ukoko wa nyama na mafuta ambao hakuna aliyewahi kuupima.

Suala la vifaa lina upande mwingine nchini. Visu, gogo, mizani na jokofu la nguruwe havichanganywi na vya ng'ombe wala mbuzi, na bucha lenyewe hujitenga. Si jambo la kuchezea: Aprili 1993 mabucha kadhaa ya nguruwe jijini Dar es Salaam yalivunjwa katika ghasia. Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kwamba hawezi kugawana gharama za jokofu au msumeno na jirani yake mwenye bucha la ng'ombe. Nguruwe lazima ajilipie kila kitu mwenyewe.

KANUNI ya kukata ni moja: kisu kwa nyama, msumeno kwa mfupa. Nusu ya mzoga hulazwa mezani, ndani kukiangalia juu. Mafuta ya tumboni na figo hutolewa kwanza. Paja hutenganishwa kwa kupima vidole vitatu hivi mbele ya mfupa wa nyonga, ule unaoonekana pale nusu mbili zilipoachana. Kisu huichana nyama hadi mfupani, msumeno huukata mfupa, kisu humalizia. Msumeno ukiachiwa ukate na nyama, huichakaza na kuacha nyuzi.

Bega hukatwa kwa kuhesabu mbavu kuanzia shingoni, na hapa kuna fedha. Waingereza hukata kati ya ubavu wa nne na wa tano. Wamarekani hukata mapema zaidi, baina ya wa pili na wa tatu, hivyo bega lao huwa dogo na mgongo mrefu. Kwa kuwa mgongo ndio wenye bei, kila ubavu unaohama kutoka begani kwenda mgongoni huongeza mapato. Lakini chopsi za upande huo huwa na kipande cha mfupa wa bega na misuli iliyogawanyika, na mnunuzi aliyeagiza chopsi za daraja la kwanza atazirudisha. Bucha humjua mteja wake kabla ya kuhesabu mbavu.

Kinachobaki katikati hugawanywa kwa urefu. Msumeno hukata mbavu kiasi cha upana wa kiganja kutoka uti wa mgongo, kisha kisu hushuka kwa mstari ulionyooka hadi chini kidogo ya sarara, ile nyama laini iliyojificha ndani ya mgongo. Juu ni mgongo wa chopsi. Chini ni ubavu. Mkono ukiteremka sentimita mbili tu, chopsi hupata mkia mrefu wa mafuta na ubavu hupungukiwa. Chopsi za unene wa sentimita 2 hadi 2.5 hukatwa kwa kufuata pingili: penye kiungo kisu hupita chenyewe, na mkataji mzuri huutumia msumeno mara chache kuliko anavyotazamiwa.

Je, kazi yote hiyo inalipa? Chukua mfano wa hesabu tu, bei zikiwa za kukadiria. Bucha linanunua kilo 65 za moto kwa shilingi 8,000 kila moja, jumla 520,000. Anayeuza kwa panga siku hiyo hiyo ataondoa kichwa na miguu, kilo 6.5, na kupoteza tuseme kilo 2.5 kwenye gogo na kwenye mizani. Anabaki na kilo 56 za mchanganyiko. Akiziuza kwa 10,000 anapata 560,000, na kichwa na miguu kwa 5,000 vinampa 32,500. Jumla ni 592,500. Faida kabla ya matumizi ni shilingi 72,500.

Wa pili anagandisha usiku mmoja, anabaki na kilo 64, na kupoteza kilo 1.5 wakati wa kukata. Mapaja kilo 15 kwa 11,500 ni 172,500. Mabega kilo 15.5 kwa 9,500 ni 147,250. Chopsi kilo 11 kwa 14,000 ni 154,000, na sarara kilo moja kwa 16,000. Ubavu kilo 11 kwa 11,000 ni 121,000. Mafuta na vipunguo kilo 2.5 kwa 5,000 ni 12,500, pamoja na kichwa na miguu 32,500. Jumla inafika 655,750 na faida 135,750, karibu mara mbili ya mwenzake.

Hesabu hiyo inavutia, na imewaingiza wengi kwenye madeni ya majokofu. Kasoro yake iko kwenye mistari miwili. Iwapo hakuna hoteli ya kununua mgongo, na kilo zake 12 zikaishia kwenye kikaango cha kitimoto kwa 10,000, shilingi 50,000 zinaondoka. Mapaja nayo yakifuata njia hiyo zinaondoka nyingine 22,500. Faida inabaki 63,250, chini ya ile ya mtu wa panga, wakati bili ya umeme na marejesho ya mkopo bado havijalipwa. Faida yote ya msumeno imo ndani ya kilo 27 za mgongo na paja. Kilo 37 zilizobaki hazimtofautishi sana na jirani yake mwenye gogo.

Kwa hiyo wanaofanikiwa huanza na oda, si na mashine. Hoteli moja inayochukua mgongo na mapaja ya nguruwe wawili kila Alhamisi inatosha kulipia kisu, msumeno wa mkono na jokofu. Mabega, ubavu na kichwa huenda kwa wakaangaji kama kawaida, na vipunguo huingia kwenye mashine ya kusagia kwa ajili ya soseji. Kinachowashinda wengi ni kudumu. Hoteli hutaka chopsi za ukubwa ule ule kila wiki, na ukubwa huo hutoka kwa nguruwe wa umri na uzito unaolingana, ilhali mfugaji mdogo huuza anapodaiwa ada ya shule, akiwa na mnyama wa kilo 60 leo na wa kilo 130 mwenye mafuta mwezi ujao. Homa ya nguruwe ya Afrika nayo, isiyo na tiba, inaweza kufunga njia za kusafirisha nguruwe kutoka wilaya nzima kwa miezi.

Baadhi ya mabucha yameanza kukubaliana na wafugaji wachache bei ya juu kidogo kwa mnyama wa kilo 85 hadi 95, dume aliyehasiwa mapema au jike, anayeletwa siku iliyopangwa bila kulishwa tangu jioni. Malipo hufanywa kwa uzito wa ndoano baada ya mkaguzi kugonga muhuri. Wafugaji hawakupenda kipengele hicho cha mwisho, na ndicho kinachojadiliwa zaidi kila mkataba unapofika wakati wa kuandikwa upya.